Kabla ya Kuwasha Gari, Kanyaga Breki

Ndugu msikilizaji, juma hili sizungumzii siasa wala bei ya unga. Nazungumzia breki, tena breki za gari dogo lililoegeshwa uani kwako, kwa sababu Jumamosi iliyopita nusura niubomoe ukuta wa jirani yangu kwa kosa la nusu dakika.

Nilikuwa nimebadilisha pedi za mbele mwenyewe. Kazi ilikwenda vizuri, mikono imejaa masizi, moyo umejaa fahari. Nikawasha gari, nikaweka gia ya kurudi nyuma, gari likaanza kusogea, nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni kana kwamba nimekanyaga godoro. Kilichoniokoa ni hendibreki, na gari likasimama kiasi cha dhiraa moja kutoka ukutani. Jirani, aliyekuwa akinywa chai barazani kwake, aliniuliza kwa upole: "Baba, hilo gari umelitengeneza au umeliharibu?"

Breki hazikuwa mbovu. Ndani ya kalipa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski, mna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki. Pedi zinavyolika, pistoni hujongea mbele kidogo kidogo kufidia unene uliopungua. Ukiweka pedi mpya, ambazo ni nene, huna budi kuirudisha pistoni ndani ili zipate nafasi. Baada ya hapo panabaki mwanya, na mikanyago michache ya kwanza ya pedali huishia kuuziba mwanya huo tu, haisimamishi chochote. Mimi niliutumia mkanyago wangu wa kwanza gari likiwa tayari linatembea.

Sikwambii haya ili uogope. Kwa gari la kawaida lenye diski mbele, kazi hii inamfaa mtu yeyote mwenye subira na vifaa. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika milimita 3, badilisha. Pedi nyingi zina kiulimi cha chuma kinachogusa diski zinapokaribia kwisha, nacho hupiga mlio mwembamba wa kukera. Wapo wanaousikia mlio huo wakaongeza sauti ya redio. Kama ni kwa ajili ya kipindi hiki, nawashukuru, lakini mlio huo haumalizwi na redio.

Unapokwenda dukani kununua, kwa hapa Dar es Salaam wengi tunakimbilia Kariakoo, chukua namba ya chesisi au pedi yenyewe ya zamani mkononi. Magari mawili ya jina moja yanaweza kutumia pedi tofauti. Na usinunue za gurudumu moja. Kulia na kushoto hubadilishwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja unapofunga breki ghafla.

Egesha mahali tambarare, weka mawe nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, legeza nati kabla hujanyanyua. Kisha jeki, na baada ya jeki, stendi za chuma. Hapa sina mzaha. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia, na matofali ya saruji hupasuka bila kuaga.

Fungua boliti ya chini ya kalipa, igeuze juu. Ukiitoa kabisa, ifunge kwa waya. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, maana mpira huo ndio uhai wako. Usipulize lile vumbi jeusi, si kwa mdomo wala kwa pampu, kwani pedi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na huwezi kujua aliyekutangulia alifunga zipi. Lifute kwa kitambaa kibichi. Tazama na diski: unene wake wa mwisho kwa kawaida umechongwa pembeni, na ikiwa imefika hapo, pedi mpya ni kupoteza fedha.

Kabla ya kusukuma pistoni, fungua boneti utazame kopo la mafuta ya breki. Unaporudisha pistoni, mafuta hupanda, na yakimwagika huichubua rangi ya gari. Punguza kidogo, kisha sukuma polepole kwa jiriwa. Grisi ipake kwenye pini za kutelezea tu. Tone moja usoni mwa pedi, umeiharibu.

Sasa wenye magari mapya nisikilizeni. Kama hendibreki yako ni kitufe badala ya mkono, kalipa za nyuma zina mota ndani yake. Usizisukume kwa nguvu. Lazima kwanza gari liingizwe katika hali ya matengenezo, mara nyingi kwa mashine ya kupimia. Hata baadhi ya zile za waya, pistoni ya nyuma hurudi kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa. Na baadhi ya magari ya haibridi huamsha pampu ya breki mlango unapofunguliwa tu, hata injini ikiwa imezimwa, na pistoni inaweza kutoka wakati kidole chako kimo ndani. Kwa magari hayo mpelekee fundi anayeyajua, wala usione haya.

Ukimaliza, gari likiwa chini na nati zimekazwa kwa mtindo wa msalaba, kaa kwenye kiti bila kuwasha injini. Kanyaga pedali, achia, kanyaga tena, mpaka iwe ngumu chini ya mguu. Ukiwasha injini itashuka kidogo, hilo ni la kawaida. Tazama kopo la mafuta, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yenye maji huchemka mapema. Anayeteremka Kitonga na mzigo akiwa na mafuta ya miaka mingi ataligundua hilo mahali pabaya.

Safari ya kwanza iwe mtaani, polepole. Punguza mwendo kwa breki za kadiri mara kadhaa, ukiziacha zipoe kati yake, ili pedi na diski zizoeane. Rudi nyumbani ukaze nati tena. Na kama pedali bado ni laini baada ya kuikanyaga mara nyingi, kuna upepo umeingia au mafuta yanavuja. Zima gari, liache palepale uani, umwite fundi aje kwako.