Barua ya Kukataa Si Hukumu



Mtu anapodai haki yake, akajibiwa na yule yule anayemdai, jibu hilo ni neno la mshitakiwa, wala si hukumu ya kadhi. Jambo hili ni wazi, lakini wengi hulisahau mara waonapo karatasi yenye muhuri wa benki. Habari ya bima ya mikopo huko Uingereza yatuonyesha hasara ya kulisahau na faida ya kulikumbuka.

Kwa miaka mingi mabenki ya nchi ile yaliuza, pamoja na mkopo, bima ya kulinda malipo: mkopaji akiugua au akiachishwa kazi, bima imlipie. Kwa sura yake ilikuwa kinga njema. Lakini wako walioambiwa kuwa bila ya bima hiyo hawapati mkopo, na haikuwa kweli. Wengine walitiliwa bima mkatabani bila ya kuulizwa. Na wengine waliuziwa ilhali masharti yenyewe yaliwanyima malipo, kama vile waliokwisha staafu na wenye maradhi ya tangu zamani.

Waliponung'unika, wengi walipelekewa barua za kukataliwa. Aliyeikunja barua yake akaiweka sandukuni, madai yake yaliishia hapo. Asiyeridhika alikuwa na mlango mwingine: Financial Ombudsman Service, ofisi ya usuluhishi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2000, isiyomtoza mlalamikaji hata senti moja. Kampuni hupewa majuma 8 kutoa jibu. Ikikataa, mlalamikaji ana miezi 6 tangu tarehe ya barua ile kulifikisha shauri lake huko. Naye akiukubali uamuzi wa mwisho, kampuni hulazimika kuufuata.

Mabenki yalikwenda mahakamani kuzipinga kanuni za kusikiliza malalamiko hayo, yakashindwa Aprili 2011. Kisha ikaja kesi ijulikanayo kwa jina la Plevin. Mjane, mwalimu wa chuo, alikopa pauni 34,000 mwaka 2006, akatozwa bima ya pauni 5,780. Hakuambiwa kuwa asilimia 71.8 ya fedha hizo ilikuwa ni udalali, uliogawanywa baina ya wakala na mkopeshaji. Mahakama ya chini ilimkatalia, hakukoma. Novemba 2014, mahakama ya juu kabisa iliamua kuwa kumficha udalali mkubwa namna hiyo kuliufanya uhusiano wake na mkopeshaji kuwa usio wa haki.

Muda wa kudai bima hiyo kwa mabenki ulikwisha tarehe 29 Agosti 2019, na fidia iliyolipwa tangu 2011 ilizidi pauni bilioni 38. Mlango ule wa usuluhishi ungali wazi huko kwa malalamiko mengine ya fedha.

Basi enyi vijana, mtu akikataliwa dai lake na aisome barua mara mbili. Aitazame sababu iliyotajwa, aijibu kwa hati si kwa hasira: mkataba, risiti, tarehe, na jina la aliyemuuzia. Aweke nakala ya kila karatasi, na ahesabu siku, kwani haki nyingi hupotea kwa kuchelewa. Wala asikimbilie wakala wa kumgawia fungu la fidia kwa kazi aiwezayo mwenyewe. Na kabla ya hayo yote, asitie sahihi karatasi asiyoisoma.