Cheki Vile Hewa Tu Ilikuwa Inaokoa Faili za Wasee Kabla Flashi Ije

Ile alama ya kusevu unabonyezanga kwa kompyuta ni picha ya flopi. Kama ulizaliwa juzi, flopi ilikuwa plastiki laini iliyopakwa sumaku, ndani ya kava ngumu, na ilibeba MB 1.44 pekee. Leo hiyo haitoshi hata ngoma moja.

Flopi ilizunguka mara 300 kwa dakika, mosmos, juu kichwa cha kuisoma kilikuwa kinaigusa kabisa. Ukiongeza spidi zinakwaruzana tu.

Hadi diski ilitoroka hiyo noma kivyake. Sahani zake ngumu zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika zikivuta hewa. Hiyo hewa inabanwa chini ya kichwa na kukiinua, kinapaa nanomita chache tu juu ya sahani. Unywele wako una upana wa nanomita elfu makumi kadhaa, fanya hesabu. Ndio maana ukidondosha ile diski ya muvi ikiwa inazunguka, kichwa kinagonga sahani, na fundi anakuangalia tu na huruma.

Sasa utamu uko hapa. Miaka ya 80, kampuni ya Iomega ya Utah, Marekani, ilitoa Bernoulli Box. Jina ni la Daniel Bernoulli, mnoma wa hesabu wa Uswisi aliyeandika mwaka 1738 kuhusu mwendo na presha ya maji. Iomega walichukua diski laini kama ya flopi, wakaizungusha kwa spidi karibu na bamba lililotulia. Hewa ya katikati inarushwa nje, presha inashuka, diski inavutwa kuelekea kichwa. Lakini haikigusi, kuna utando mwembamba wa hewa umebaki hapo kama mto.

Na stima zikipotea? Spidi inashuka, mvuto unaisha, diski inaanguka mbali na kichwa. Vumbi likiingia, diski inabonyea kidogo linapita. Manze, ule ulaini wenye ulionekana udhaifu ndio ulikuwa bima.

Katikati ya miaka ya 90 wakaleta Zip: MB 100, karibu mizunguko 3,000 kwa dakika. Ilivuma ile mbaya, halafu CD za kuandika na flashi zikaizika.

Wewe mwenye bado uko na diski ya kuzunguka, yako haina huo ulaini. Taa ikiwa inawaka usiisongeshe, hata kama ni kuipisha sahani ya chipo.