Oili ya Boti, Oili ya Posho Mili

Nilijifunza kubadilisha oili Lamu, nimelala kifudifudi botini, mkono umezama hadi bega. Injini ya ndani hukaa chini karibu na ngama, na nati ya samp huifikii kwa spana. Hata ukiifikia, oili yote itaishia ngamani. Basi unachomoa dipstiki, unapenyeza mpira mwembamba kwenye tundu lake, unavuta kwa pampu ya mkono mpaka ianze kukoroma.

Karatina, ninakofanyia kazi sasa, hakuna boti. Kuna posho mili, na baadhi bado zinazungushwa na Lister, dizeli ya pistoni moja, mizunguko 650 kwa dakika. Unaisikia kabla hujaiona. Ya asili ilitoka Dursley, Uingereza. Nyingi nilizoshika mimi ni nakala za Rajkot, India.

Watu wa matatu huhesabu kilomita. Boti na posho mili huhesabiwa saa. Vitabu vya injini nyingi za boti hutaja kati ya saa 100 na 250, au mara moja kwa mwaka hata kama chombo kililala tu, maana oili iliyotumika ina asidi inayokula chuma kimyakimya.

Kilichonisumbua nilipohamia huku ni baridi. Asubuhi ya Julai oili hutoka kama asali, na uchafu unabaki umeganda chini. Washa injini kwanza, ipate joto, zima, ndipo umwage. Na ile W ya 15W-40 kwenye mkebe wa oili ni ya baridi: namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hupanda haraka injini ikiamka. Lamu hakuna aliyeniuliza habari hiyo.

“Fundi, si nilibadilisha Aprili?” mama mmoja mwenye mili aliniuliza Julai, amejifunika leso hadi masikioni.

“Mama, unasaga saa ngapi kwa siku?”

“Sita. Siku ya soko, nane.”

Tukapiga hesabu kwa chaki juu ya gunia la mahindi: karibu saa 500. Nikachomoa dipstiki. Rangi ya chai ya maziwa. Maji ya pipa la kupozea yalikuwa yamepenya gasketi ya silinda hedi. Rangi hiyo naijua tangu Lamu, ila kule huwa ni maji ya bahari, na chumvi haikusubiri uende kutafuta vipuri. Oili mpya juu ya gasketi mbovu ni pesa ya kutupa. Tulianza na gasketi. Kisha nikafungua kifuniko cha pembeni, nikafuta tope kwa kitambaa mpaka kikatoka kikavu.

Oili chafu yule mama aliiweka kwenye mtungi apake nguzo za ua, mchwa wasizile. Jirani alitaka nimwage iliyobaki mtaroni. Mtaro ule huingia Ragati, Ragati huingia Sagana, Sagana ndiyo Tana, nayo Tana humwagika baharini Kipini, si mbali na nilikojifunzia kazi. Nikakaza kifuniko cha mtungi.