Damu ya Katanga, Shauri la Brussels

Mtu akiuawa kwetu, nani amhukumu mshiriki akaaye ng'ambo? Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kwa desturi, mauaji huhukumiwa yalikotendeka. Lakini Katanga iliyojitenga ndiyo iliyowaua, na Wabelgiji walikuwapo. Basi mwaka 2011 watoto wa Lumumba walishtaki Brussels, kwa kuwa nchi yaweza kuwahukumu raia wake kwa makosa mazito ya ugenini. Mwaka 2012 mahakama ilikubali shauri lichunguzwe kama kosa la vita, ambalo halifutwi na miaka. Tuwafundishe watoto wetu: mpaka wa nchi hauinyamazishi damu ya Abeli mbele ya Mungu.