Breki ya klachi: Kifaa kidogo, hasara kubwa kikipuuzwa

Trela linaposimama kwenye barabara kuu itokayo Kisumu kupitia Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, hadi Migori na mpakani Isebania, dereva hutarajia gia ya kuondokea iingie bila kelele. Ikikwaruza, huenda breki ya klachi imechakaa au imelegea.

Tatizo hilo lilianza na magari ya kwanza. Dereva alipokanyaga klachi, injini ilitengana na giaboksi, lakini klachi nzito yenye umbo la pia, iliyovikwa ngozi, iliendelea kuzunguka pamoja na gia zilizoshikamana nayo. Kuziingiza katika gia zilizotulia kulisaga meno.

Mafundi wakaweka kipande kidogo kilichogusa klachi pedali ilipofika chini, kikaipunguza kasi. Ugumu ulikuwa katika kukipima. Kikigusa kwa ulegevu, gia zililia. Kikikaza mno, shafti ilisimama kabla ya wakati na gia zikakataa kuingia gari likiwa mwendoni. Ilibidi fundi arekebishe kidogo, ajaribu gari barabarani, kisha arekebishe tena.

Mwaka wa 1928, kampuni ya Cadillac nchini Marekani ilileta sinkromeshi, mfumo unaosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Magari madogo yakaachana na breki hiyo, lakini malori makubwa ambayo giaboksi zake hazina mfumo huo bado huihitaji.

Kuipima si kazi ngumu. Lori likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya kuegesha imefungwa na injini inanguruma polepole, dereva hukanyaga klachi hadi sakafuni, husubiri kidogo, kisha huingiza gia. Ikikwaruza, fundi huchunguza kama pedali inaifikia breki hiyo. Kwa kawaida hushika katika sentimita 2.5 za mwisho za mwendo wa pedali.

Kosa kubwa ni kukanyaga klachi hadi sakafuni lori likitembea. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayoizungusha shafti, hivyo breki hiyo ndogo hulazimika kushindana na uzito wa lori zima, ikaungua au kukatika. Mwendoni, pedali hukanyagwa kiasi cha kuachanisha klachi tu.

Dereva asiyezingatia hilo huja kujutia mlimani, shehena ikiwa nyuma yake na gia imekataa kuingia.