Komahedhi: Mabadiliko ya Mwili Yanayohitaji Kueleweka Nyumbani na Zahanatini

Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, joto la Tabora huwa kali hata usiku. Mwanamke wa miaka 48 anayeamka akiwa ameloa jasho hulaumu hali ya hewa, na asubuhi huhisi ni malaria. Wapo wanaomeza dawa mseto mara kadhaa kwa mwaka bila kupima, ilhali kinachowasumbua si vimelea bali ni mpito wa kuelekea komahedhi.

Komahedhi ni hali ya hedhi kukoma moja kwa moja. Huhesabiwa kuwa imetimia baada ya miezi 12 mfululizo bila damu ya mwezi, na kwa wanawake wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Chanzo chake ni ovari kupunguza, hatimaye kusitisha, utoaji wa mayai na wa homoni ya estrojeni. Damu haibaki tumboni na kuwa sumu kama inavyosemwa vijiweni. Haitengenezwi tena, basi. Wavutaji wa tumbaku huifikia hali hii mapema kuliko wenzao, jambo linalostahili kutajwa katika mkoa unaolima zao hilo. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, uchunguzi wa hospitali unahitajika.

Mpito wenyewe huweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi huruka mwezi, hurudi, huwa nyingi au chache. Joto la ghafla hupanda kifuani na usoni kwa dakika chache, likifuatwa na jasho na pengine baridi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huvurugwa na upungufu wa estrojeni. Tofauti na homa ni kwamba kipimajoto hakionyeshi ongezeko la maana. Hata hivyo, kukisia hakutoshi: kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa muda mfupi, na jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda linadai kipimo cha kifua kikuu.

Usingizi hupungua, hasira huwa karibu, na uke hukauka kiasi cha kulifanya tendo la ndoa kuwa la maumivu. Hapa ndipo ndoa nyingi huyumba kimyakimya. Mume asiyeelezwa hudhani amechukiwa, na mke huona haya kusema. Katika kanda ambayo wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, kubadilika kwa tabia ya mama mtu mzima hakupaswi kuachiwa majirani wakutafsiri. Vilainishi, na kwa baadhi ya wanawake tiba ya homoni, husaidia. Tiba hiyo huamuliwa na daktari, kwani haimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu mishipani.

Mimba bado huweza kutunga wakati wa mpito. Uzazi wa mpango huendelezwa kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Mifupa nayo hudhoofika upesi zaidi estrojeni inaposhuka. Katika karne ya 19, njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipopita Tabora, Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, na wanawake pia walisafiri wakibeba vyungu na vyakula. Kutembea na kufanya kazi za kusimama huimarisha mifupa hata leo. Dagaa wanaoliwa na miiba yake, maziwa na mboga za majani huongeza madini ya chokaa. Lakini mama anayeumwa mgongo ghafla, au aliyepungua kimo, asitwishwe ndoo ya lita 20. Apelekwe kwa daktari.

Dalili moja haivumiliwi kabisa: damu inayotoka ukeni baada ya mwaka mzima wa ukimya, hata ikiwa tone. Hiyo si hedhi iliyorudi. Mara nyingi chanzo chake ni chepesi, ila huweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Uchunguzi wa shingo ya kizazi kwa siki usisubiri uzee. Hufaa zaidi kuanzia miaka 30, kwa kuwa baada ya komahedhi eneo linalopaswa kuonekana hurudi ndani na kipimo hicho hupoteza uhakika.

Safari ya huduma huanzia zahanati ya karibu, na anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Inafaa mama aende na tarehe ya hedhi yake ya mwisho, idadi ya mara anazopata joto kwa siku, na majina ya dawa anazotumia, zikiwamo za miti shamba. Akipenda, aingie na mumewe.