Katoyi: kabla ya majani, udongo

Anayehamia Katoyi na mbegu mfukoni hukutana kwanza na jiwe. Mtaa huu wa komini ya Karisimbi, kama sehemu kubwa ya Goma, umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Mlima huo ulitapika mwaka 1977, ukarudia Januari 17, 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ukatapika tena Mei 22, 2021. Jiwe lake watu hulipasua kwa nyundo na kujengea kuta na nyua. Kulilima ni kazi nyingine.

Kila mara tunaambiwa ardhi ya volkeno ina rutuba. Ni kweli, ila ni rutuba ya wajukuu. Potasiamu na fosforasi zimo, lakini zimefungwa ndani ya mwamba. Lava mpya huota kwanza ukoga wa kijivu, kisha kangaga, na udongo wa kushika jembe huchelewa sana. Ndiyo maana udongo mweusi hununuliwa, ukaletwa kwa lori au kwa chukudu.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mtu humwaga udongo moja kwa moja juu ya changarawe, na mvua chache tu zinautelemsha ndani ya nyufa. Lava hunywa kila kitu. Ziba kwanza nyufa kwa vipande vya mgomba, majani makavu na maganda ya jikoni, ndipo umwage udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mgomba hushika maji, na ukioza unakuwa chakula cha mizizi.

Kwa gazoni, wengi hupanda pasipalumu. Weka udongo wa sentimeta 15 hivi, upande vipandikizi mvua zinaporudi Septemba, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi cha Juni. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa majani kwa mara moja. Kiangazi yaache marefu zaidi, maana jua likiwaka jiwe jeusi chini yake linapata moto. Mwagilia alfajiri, kwa kiasi: maji yakizidi yanapitiliza tu kwenye lava. Na pale ambapo maji hununuliwa kwa bidoni, gazoni la parseli nzima ni anasa. Kipande mbele ya mlango kinatosha. Kwingine weka lengalenga na vitunguu kwenye magunia.

Kuna pia moshi wa mlima. Gesi yake ikichanganyika na mvua huwa asidi, na majani hupata madoa ya kahawia. Rusayo, upande wa magharibi, wanaijua adha hiyo zaidi. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakakimbilia dukani kununua dawa isiyosaidia kitu. Suuza majani kwa maji safi. Jivu la jikoni hupunguza asidi udongoni, lakini liwe kidogo: likizidi, hasa ndani ya gunia, chumvi yake huunguza mizizi.